Kompyuta au PlayStation: Majibu kwa Madai ya Kijiweni

Ubishi wa kompyuta na konsoli umetufikia ukiwa umeshatengenezwa kwingine. Vijana wa Kariakoo, Mwanza, Mombasa na Kampala wanarushiana hoja zilizotungwa kwa ajili ya mnunuzi wa Marekani au Uingereza: mtu ambaye kadi yake ya benki inakubalika kila duka, intaneti yake haihesabiwi kwa gigabaiti, na nchi yake imo kwenye orodha ya masoko ya kampuni. Nimezisikiliza hoja hizo kwa muda mrefu, za kambi zote mbili, na naamini nyingi hazisimami. Nazijibu moja moja.

"Konsoli ni rahisi kuliko kompyuta."

Zamani hili lilikuwa kweli, na sababu yake ilieleweka. PlayStation 2 iliingia sokoni Marekani mwaka 2000 kwa dola 299. Kufikia 2009 ilikuwa dola 99. Mwenye subira alingoja, bei ikashuka, na mashine zilizotumika zikatufikia kwa wingi. PlayStation 5 imeuvunja utaratibu huo. Ilitoka Novemba 2020 kwa dola 499, au 399 kwa ile isiyosoma diski. Agosti 2022 Sony ikapandisha bei Ulaya, Japani na kwingineko, na Agosti 2025 Wamarekani nao wakaongezewa dola 50. PS5 Pro ya Novemba 2024 ilianzia karibu dola 700, na sehemu ya kusomea diski unainunua kando. Kifaa kimezeeka, bei imepanda.

Juu ya bei kuna ada. Ukinunua EA Sports FC kwa pesa yako, bado huwezi kucheza na mtu mtandaoni kwenye PS5 bila PlayStation Plus, ambayo malipo yake ya mwaka nchini Marekani yalipanda kutoka dola 60 hadi 80 Septemba 2023. Miaka mitano ya ada hiyo ni dola 400, yaani bei ya konsoli nzima isiyosoma diski ilipotoka. Kompyuta haina ada ya namna hiyo. Ni haki kuongeza kwamba magemu yasiyouzwa, kama Fortnite na eFootball, hayadai PlayStation Plus; anayecheza hayo peke yake haguswi.

Lakini kambi ya kompyuta nayo ina ahadi yake isiyotimia: "Nunua Dell OptiPlex ya mtumba, chomeka kadi ya grafiki, umemaliza." Aliyeijaribu mashine hiyo anajua hadithi ina sehemu ya pili. OptiPlex nyembamba inapokea kadi fupi tu, na pawa saplai yake ni ndogo, haina hata waya wa kuilisha kadi kubwa. Kadi inayofaa humo ni ile inayotosheka na wati 75 za kwenye ubao wenyewe, kama GTX 1050 Ti au GTX 1650 ya umbo fupi. Kwa kadi hiyo utacheza. GTX 1050 Ti ndiyo EA iliyoitaja kuwa kiwango cha chini cha EA Sports FC 24, pamoja na RAM ya GB 8. Ila kiwango cha chini maana yake ni picha ya chini, na magemu makubwa ya miaka hii yatakushinda. Muuzaji akikuambia "hii inapiga gemu lolote", mwombe aliwashe gemu hilo mbele yako kabla hujatoa pesa.

Kwa hiyo jibu la bei linategemea unachocheza na unakaa na kifaa kwa miaka mingapi. Anayekwambia moja ni rahisi daima hajapiga hesabu.

"Gemu lilelile, kwenye kompyuta huwa bora."

Wanaosema hivi huonyesha video za kadi za dola 2,000. Kwetu sisi, ambako gemu la kwanza ni mpira, historia inawakana. FIFA 14 ilipotoka mwaka 2013, PS4 na Xbox One zilipewa injini mpya iliyoitwa Ignite; kompyuta ikapewa injini ya zamani, ileile ya PS3. Jambo hilo likajirudia. FIFA 22 ya PS5 ilikuja na mienendo mipya ya wachezaji iliyorekodiwa kutoka kwenye mechi halisi, na kompyuta ikaachwa na toleo la kizazi kilichopita mpaka FIFA 23 ilipotoka mwaka 2022. Mtu mwenye mashine ya mamilioni ya shilingi alikuwa anacheza mpira uleule wa mwenye PS4. Nguvu ya mashine haisaidii kitu kama mtengenezaji hakuandika toleo la kuitumia.

Subira nayo ina gharama. GTA V ilitoka kwenye konsoli Septemba 2013 na kwenye kompyuta Aprili 2015. Red Dead Redemption 2 ilichukua mwaka mmoja na zaidi kufika. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series peke yake. Na wakati mwingine kinachofika kimevunjika: Batman: Arkham Knight ya kompyuta iliondolewa madukani Juni 2015 kwa jinsi ilivyokuwa mbovu, na The Last of Us Part I ya Machi 2023 ilianza vibaya vilevile.

Wenye konsoli wakikumbushwa hayo hufurahi, nami nawakumbusha Cyberpunk 2077. Desemba 2020 gemu hilo kwenye PS4 na Xbox One lilikuwa halichezeki kiasi kwamba Sony ililitoa kwenye duka lake na kurudisha pesa za watu. Likakaa nje mpaka Juni 2021. Kwenye kompyuta nzuri lilikuwa na kasoro zake, lakini lilichezeka.

Pale ambapo kompyuta inashinda kwa haki ni kwenye mikono ya mashabiki. PES ilidumu miaka mingi kwa sababu watu waliongeza jezi, viwanja, ligi na vikosi ambavyo Konami haikuvinunulia haki. PS4 iliruhusu kidogo, kompyuta iliruhusu karibu kila kitu. Hoja hiyo ina uzito kuliko video zote za kadi za dola 2,000.

"Jicho haliwezi kuona zaidi ya fremu 30."

Linaona. Watetezi wa dai hili hutaja sinema, ambayo huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Sinema ina ukungu wa mwendo ndani ya kila fremu, na mtazamaji wake habonyezi kitu. Mchezaji anabonyeza. Kwa fremu 30 kila picha inakaa milisekunde 33. Kwa 60 inakaa karibu 17. Kwa 120 ni kama 8. Golikipa anapotoka na wewe unataka kumchopea, tofauti hiyo unaihisi kidoleni kabla hujaiona machoni. Isitoshe, konsoli za sasa zenyewe zimelizika dai hili: magemu mengi ya PS5 hukuwekea chaguo la fremu 60, na wachezaji wengi wanalichagua.

"Konsoli ni kuchomeka, kuwasha na kucheza."

Ilikuwa hivyo enzi za PS2, CD ikiwa na gemu zima. Leo unaweka diski, kisha unasubiri gemu lijinakili kwenye hifadhi, kisha linadai sasisho la makumi ya gigabaiti. EA Sports FC 24 iliomba nafasi ya GB 100 kwenye kompyuta. PS5 ya kwanza ilikuja na GB 825, na zinazobaki kwa mchezaji hazifiki hata hizo. Kwa mtu anayenunua bando, sasisho moja linaweza kula pesa ya wiki nzima, na hakuna kambi iliyonusurika hapo.

Tofauti ipo kwenye namna ya kugawana mzigo. Tangu 2023 Steam, duka la magemu ya kompyuta, inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kunakiliana gemu bila kulipakua tena, na kabla ya hapo watu walikuwa wakihamisha mafaili kwa diski ya nje. Vijana watano wenye nakala zao halali wanaweza kupakua mara moja na wote wakapata. Katika nchi ambako data ni ghali, hiki ni kitu kikubwa, na nashangaa jinsi kinavyotajwa mara chache. Na umeme ukikatika, mwenye laptopu anahifadhi alipofika na kuzima kwa utaratibu, wakati konsoli inazimika papo hapo, hata ikiwa katikati ya kuandika data.

"Magemu ya kompyuta ni ya bure, unapakua tu."

Hapa nasema waziwazi: huo ni wizi wa kazi ya watu, na ni biashara mbaya hata kwa anayeiba. Gemu lililovunjwa kinga kwa kawaida halikuingizi kwenye mechi za mtandaoni, halipati masasisho, na programu unayoambiwa "zima antivairasi kwanza ndipo uifungue" inaomba ruhusa ya kufanya lolote kwenye mashine ambayo pia ina nywila zako za benki na barua pepe. Hata wenye konsoli wasijitoe: PS2 zilizochipiwa na PS3 zilizojazwa magemu kwenye diski kuu zimelea kizazi kizima cha vibanda vyetu. Anayetaka bure kweli ana Dota 2, Fortnite na eFootball, na Epic hutoa gemu halali bila malipo karibu kila wiki.

"Ukinunua diski, gemu ni lako, Steam unakodisha."

Nusu ya kwanza ilikuwa kweli, na vibanda vya gemu vilijengwa juu yake: unanunua CD, unaazima, unabadilishana na mwenzako, unaiuza. Mwaka 2013 Microsoft ilipotangaza kwamba Xbox One itadai intaneti mara kwa mara na kubana magemu yaliyotumika, wanunuzi walipinga mpaka ikarudi nyuma ndani ya wiki chache. Lakini diski imeendelea kudhoofika bila tangazo. The Crew ya Ubisoft iliuzwa kwa diski mwaka 2014. Seva zake zilipozimwa Machi 31, 2024, diski hizo zilibaki plastiki tupu. Maduka ya mtandaoni ya Wii U na 3DS yalifungwa Machi 2023, la Xbox 360 Julai 2024.

Nusu ya pili ni kweli pia: Steam inakuuzia leseni, na tangu 2024 inakuandikia hivyo kabla ya kulipa, baada ya California kupitisha sheria ya kudai uwazi huo. Anayejali umiliki aende duka la GOG, ambako faili la kusakinisha unalipakua na kulihifadhi mwenyewe. Kwenye konsoli hakuna mlango wa namna hiyo.

"Mchezaji wa kweli hutumia kipanya na kibodi."

Kwa Counter-Strike, sawa. Kwa mpira na ngumi, hapana. Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani ya UYU kwa kucheza Tekken, gemu ambalo mashindano yake makubwa yalichezwa miaka mingi kwenye PS4. Na padi ya PlayStation unaichomeka kwenye kompyuta, kompyuta kwenye runinga, mkacheza wawili sebuleni.

"Pesa ni pesa, kampuni itakuhudumia popote ulipo."

Dai hili ndilo linaloniuma, kwa sababu kambi zote mbili zinaliamini. Februari 2024 Sony ilitoa Helldivers 2 kwa PS5 na kompyuta. Mwanzoni mwa Mei ikatangaza kwamba wachezaji wa Steam lazima wafungue akaunti ya PlayStation Network. Mtandao huo haukuwa unatambua nchi na maeneo zaidi ya 170. Kusini mwa Sahara uliitambua Afrika Kusini tu. Kenya, Tanzania na Uganda hazikuwamo. Watu waliokwisha kulipa wakajikuta wanadaiwa akaunti ambayo nchini mwao hairuhusiwi kufunguliwa, na gemu likaondolewa sokoni katika nchi hizo. Tathmini hasi zaidi ya 200,000 zikamiminika Steam, na ndani ya siku chache Sony ikafuta sharti hilo. Hata hivyo kizuizi cha mauzo hakikuondoka pamoja nalo. Ghost of Tsushima ya kompyuta ikazuiwa katika nchi zilezile mwezi huohuo, na Septemba God of War Ragnarök, gemu la mtu mmoja asiyecheza na yeyote mtandaoni, nalo likadai akaunti. Sony ilianza kulegeza masharti hayo Januari 2025.

Wenye PS5 wa Dar es Salaam na Nairobi hawakushangaa, kwani wengi wao wamekuwa wakijiandikisha kama wakazi wa Uingereza, Marekani au Afrika Kusini na kununua kadi za zawadi za nchi hizo kwa bei ya mchuuzi. Akaunti ikifungwa, hawana pa kulalamikia. Steam ni afadhali: inatuuzia, na tangu 2022 Mkenya anaweza kuilipa kwa kadi pepe ya Visa iliyounganishwa na M-Pesa. Ila haina bei ya shilingi. Tunalipa kwa dola, wakati Mwafrika Kusini ana bei yake ya randi.

Sony inapaswa kufungua PlayStation Network kwa nchi za Afrika Mashariki, na Valve, wenye Steam, inapaswa kutuwekea bei za shilingi. Mpaka hapo, mwenye pesa ya kifaa kimoja aangalie kwanza marafiki zake wanacheza wapi. Kama wote wapo kwenye PS4 na mpira, anunue PS4 ya mtumba yenye kusoma diski. Kama anahitaji mashine ya kazi au masomo pia, anunue kompyuta, aweke kadi ya kawaida, na asubiri punguzo za Steam. Akiwa na PS5 mkononi, asitupe risiti wala nywila ya akaunti yake.