Baraza lipo, saini iko safarini

SAFU: KAZI NA MASLAHI
Na Zuhura Mnyamani

Mikutano ya mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika yetu ya umma inajulikana ilivyo. Mgeni rasmi anafungua, picha ya pamoja inapigwa, wajumbe wanapitishwa kwenye bajeti ambayo menejimenti ilishaimaliza, posho inalipwa. Huku nyuma, spea ya mashine inasubiri dokezo lipande kutoka kwa fundi hadi kwa mkuu wa kitengo, kwa meneja, kwa mkurugenzi. Mkurugenzi yuko safarini, na kaimu wake hathubutu kusaini.

Mabaraza haya yana umri. Yaliletwa na Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970, Mwalimu Nyerere akitaka wafanyakazi wawe na sauti katika mashirika yao. Sauti waliipata, ila ilikuwa ya kushauri tu. Uamuzi ulibaki kwa meneja na bodi. Mwaka 1971 TANU ikatoa Mwongozo, uliokemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu, na viwandani pakachemka. Migomo mingi haikuhusu mshahara. Watu waligoma kwa jinsi meneja alivyosema nao. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wafanyakazi walimfungia nje mwenye kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe. Wenzao wa kiwanda kingine walipojaribu, waliletewa polisi.

Habari hii husimuliwa kama siasa za Ujamaa. Mimi naiona ni habari ya mpangilio wa kazi. Anayeijua mashine ukimpa kiti cha kushauri na usimpe la kuamua, atagoma au atanyamaza. Siku hizi wananyamaza, na menejimenti inaita hiyo utulivu kazini.

Kule Toyota, fundi akiona kasoro anavuta kamba au kubonyeza kitufe. Kiongozi wa timu anakuja mbio, na wasipoimaliza haraka, mstari mzima unasimama. Hakuna anayeitisha kikao. Wamepiga hesabu: kasoro iliyoachwa ipite itajificha ndani ya magari mengi kabla haijafika kwa mkaguzi.

Kwa hiyo barua ya kazi ya msimamizi wa zamu iseme mambo matatu: kiasi anachoweza kutumia bila dokezo, mashine anazoweza kuzima bila kupiga simu, na nani anaamua bosi akisafiri. Najua wahasibu watapinga, kwamba fedha zitaliwa. Huenda kidogo zitaliwa. Lakini aliyezila atajulikana kwa jina, wakati dokezo lenye saini sita likiharibu jambo, kila aliyesaini anamwonyesha aliyemtangulia.

Baraza lijalo lipewe mambo hayo matatu liyajadili, bajeti ikae pembeni. Hata posho ya wajumbe sitailalamikia.