Meka ya Unga kwa Jirani: Wito kwa Wakazi wa Kambove

Wazee wa Kambove waliokulia kambini bado wanaisimulia siku ya posho. Enzi za kampuni ya shaba ya Union Minière, na baadaye ya Gécamines, mfanyakazi hakupewa mshahara peke yake. Familia yake ilipata unga, ilikaa katika nyumba ya kampuni, ilitibiwa katika hospitali ya kampuni, na watoto wake walisoma katika shule za kampuni. Reli ilikuwa imefika hapa mwaka 1913 kufuata shaba, na mji ulikua ukiutegemea mkono mmoja.

Mkono huo ulilegea. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha tani zipatazo 476,000 za shaba. Mwaka 1994 zilikuwa zimebaki kama 30,000 tu. Mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka mwaka 1990, na mishahara ikaanza kuchelewa kwa miezi, kisha kwa miaka. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharamiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika zoezi lililoitwa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikiita kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya familia hizo Bana Shaba abandonnés par leur père, yaani wana wa Shaba walioachwa na baba yao.

Baba alipoondoka, watoto walikwenda kubisha wapi? Wengi walikwenda parokiani.

Hapo ndipo wito huu unapoanza. Baada ya misa ya Jumapili, nje ya ofisi ya parokia yoyote ya ukanda huu wa migodi, mtu hahitaji kuuliza nani ana shida. Mjane anangoja kumwona baba paroko kuhusu dawa. Mzee aliyechimba chini ya ardhi kwa miaka mingi anakohoa na hana wa kumpikia. Mama mwenye wajukuu watano anaomba unga wa bukari wa siku mbili. Kamati ya Karitasi inatoa ilicho nacho, na mara nyingi ilicho nacho ni sadaka ya mwezi mmoja kwa mahitaji ya mwaka mzima.

Bei ya unga nayo haimhurumii mtu. Haut-Katanga inakula mahindi mengi yanayotoka Zambia, na kila mpaka unapobanwa, bei ya meka, kipimo cha unga cha sokoni, inapanda siku hiyo hiyo. Februari 2024 Zambia ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mtu wa Kambove hakuhitaji redio kuijua habari hiyo. Aliisoma kwenye sufuria yake.

Wanakamati wa Karitasi wana moyo. Kinachowakwamisha ni kwamba kazi yote imewekwa mlangoni pa parokia. Anayepata msaada ni yule mwenye nguvu ya kutembea hadi pale na ujasiri wa kusema mbele ya watu kwamba nyumbani hakuna kitu. Aliyelala kitandani hafiki. Mwenye haya hafiki. Mtoto anayeshinda karieri akiosha mawe ya shaba na kobalti hafiki kabisa, na UNICEF ilikadiria mwaka 2014 kwamba watoto wapatao 40,000 walikuwa wakifanya kazi katika migodi ya kusini mwa Congo.

Kwa hiyo ombi kwa wakazi wa Kambove ni moja: msaada utoke mlangoni pa parokia uende mlangoni pa jirani, na kila jumuiya ibebe nyumba zake.

Njia hiyo si ngeni katika nchi hii. Maaskofu wa Congo walichagua jumuiya hai za msingi kuwa nguzo ya Kanisa tangu mwaka 1961, kabla ya nchi nyingi za Afrika kufanya hivyo. Na kabla ya hapo, mwaka 1953, padri Mfransisko Placide Tempels alikuwa amefika kwenye kambi za wachimbaji karibu na Kolwezi. Pamoja na wafanyakazi na wake zao alianzisha kundi lililoitwa Jamaa, lililojengwa juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Watu wa makabila mbalimbali, walioletwa na kazi kutoka mbali, waliitana baba na mama na kutembeleana nyumbani kama ndugu. Neno hilo la Kiswahili bado lina kazi ya kufanya.

Mfano mwingine uko Lubumbashi. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika Katanga mwaka 1911, hawakungoja watoto wa mitaani waje kanisani. Waliwafungulia nyumba iliyopewa jina la mwenye heri Isidore Bakanja, kijana mwashi Mkongo aliyetangazwa mwenye heri mwaka 1994. Mtoto anapata pa kulala kwanza, kisha darasa, kisha ufundi. Kolwezi, Sista Catherine Mutindi, Mkenya wa shirika la Mchungaji Mwema, alianza mwaka 2012 kwa kuzisikiliza familia zilizoishi kwa kuchimba. Kazi hiyo imewatoa watoto wengi migodini na kuwarudisha shuleni, na mwaka 2019 alipewa tuzo ya kimataifa ya Opus. Kila mmoja wao alianza kwa kwenda mahali penye shida na kukaa pale.

Kambove inaweza kuanza na mambo machache yasiyohitaji mfadhili.

La kwanza ni kuhesabu. Kila jumuiya ichague watu wanne, wanawake na wanaume, wapite wawili wawili katika kila nyumba ya eneo lake. Shirika la Mtakatifu Vincent wa Paulo, lililoanzishwa na Frédéric Ozanam na wenzake huko Paris mwaka 1833, limedumu kwa desturi hiyo ya kutembelea nyumbani. Wanaotembelea waulize mambo ya kawaida: nani anakula mara moja kwa siku, nani hana wa kumchotea maji, mtoto gani haendi shule. Elimu ya msingi katika shule za serikali ilitangazwa kuwa ya bure Septemba 2019, lakini daftari, kalamu na sare bado vinanunuliwa, na hapo ndipo watoto wengi wanakwama. Orodha ibaki mikononi mwa hao wanne na paroko. Majina ya wahitaji yasisomwe madhabahuni.

La pili ni meka. Kila nyumba yenye uwezo itenge unga kidogo kila siku inapopika, kiganja kimoja tu, na mwisho wa mwezi uletwe kwenye mkutano wa jumuiya. Nyumba ishirini zikifanya hivyo, familia kadhaa zitakula bila mtu kutoa hata faranga moja. Asiye na unga anaweza kutoa makaa, sabuni, au saa mbili za kumfulia mgonjwa.

La tatu ni mikono. Wakongo wote wanajua salongo, kazi ya pamoja ya jamii. Jumamosi moja ya mwezi iwe ya salongo kwa ajili ya nyumba zilizo kwenye orodha: kuziba paa, kuchimba choo, kusafisha mtaro. Katika mji wenye mafundi wengi waliostaafu, ujuzi upo. Wapo wanaojua kuchomelea, kupiga plasta na kutengeneza pampu, na wengi wao wangefurahi kuitwa.

La nne ni hesabu za wazi. Kilichoingia na kilichotoka kibandikwe ubaoni kila mwisho wa mwezi, na mweka hazina asitoke katika familia ya kiongozi yeyote. Watu wa Kambove wameona ahadi nyingi zikiyeyuka. Watachangia wakiona karatasi.

Orodha hiyo isiulize dini wala kabila. Katika miaka ya 1992 na 1993, Katanga iliwafukuza maelfu ya familia zenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa na kufanya kazi migodini maisha yao yote. Walilala kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi kwa wiki na miezi wakingoja treni, na watoto walikufa palepale kwa njaa na maradhi. Waliofukuzwa walikuwa majirani, na waliofukuza walikuwa majirani. Kwa sababu hiyo Wamethodisti, ambao kituo chao cha Mulungwishi kiko jirani, Wakimbangu, makanisa ya uamsho na Waislamu wote wanaombwa kuketi pamoja na parokia tangu siku ya kwanza, wasialikwe tu kuja kupokea.

Na wenye migodi? Huruma ya majirani isichukue nafasi ya haki. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inazitaka kampuni zitenge walau asilimia 0.3 ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi, na asilimia 15 ya mrabaha inapaswa kufika kwenye serikali za mitaa ambako mgodi upo. Orodha za jumuiya zitakuwa na faida hapa pia. Wawakilishi wa wananchi watakapoketi na kampuni kuzungumzia visima, zahanati na madarasa, waende na idadi ya nyumba zisizo na maji na ya watoto wasio shuleni. Anayezungumza kwa tarakimu zilizokusanywa nyumba kwa nyumba si rahisi kurudishwa mikono mitupu.

Kalenda inasaidia. Papa Fransisko aliiweka Siku ya Maskini Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza Novemba 2017, katika Jumapili inayotangulia ile ya Kristo Mfalme. Katika Kambove huo ndio wakati mvua zinapoanza kushika. Kila jumuiya inaombwa iwe imemaliza kuhesabu kabla ya Jumapili hiyo, na Jumamosi inayoitangulia iwe salongo ya kwanza. Wenye ngazi walete ngazi. Wenye misumari, mabati ya zamani na plastiki walete. Kina mama wa Karitasi watapika bukari kwa unga wa meka za kwanza, na kazi ianzie kwenye paa la yule ambaye hajawahi kufika ofisini kuomba.