Wauza Vivumishi

Naanza na kosa langu mwenyewe, nisije nikaitwa nyani haoni kundule.

Mwaka 2019 duka moja la vyombo vya muziki hapa mjini lilinitafuta niliandikie kipeperushi. Walikuwa wameleta waya. Si waya wa umeme, wala si wa spika. Ni ule mfupi wenye pini mbili, nyekundu na nyeupe, unaotoka nyuma ya deki ya CD kwenda kwenye amplifaya. Ule ambao ukinunua deki unaukuta bure ndani ya boksi, umekunjwa na kufungwa kwa kamba ya plastiki. Wa kwao ulikuwa mnene kama kidole gumba, umevikwa soksi ya nyuzi nyeusi, na bei yake laki nne na nusu kwa mita moja. Nikapewa karatasi ya Kiingereza, nikaambiwa: "Dogo, tupe maneno."

Nikawapa. Niliandika kwamba waya ule unaleta "ukimya mweusi nyuma ya kila noti". Niliandika kwamba besi yake "ina misuli", na kwamba mwimbaji "anavua koti na kukaa mbele yako". Jamani, sikuwa nimeusikia! Hata kuushika niliushika siku ya kulipwa, na chapuo zangu laki moja na ishirini nilikwisha zipangia matumizi.

Wiki sita baadaye naenda kwa mshikaji wangu mmoja Magomeni, fundi cherehani, namkuta kaupachika nyuma ya amplifaya yake. Zamu yake ya mchezo ilikuwa imefika. Pesa aliyoisubiri miezi kumi anunue cherehani ya pili, kaipunguza kwa laki nne na nusu. Akaniketisha, akabonyeza, akafumba macho. "Sikiliza, kaka," akasema. "Ukimya mweusi huo."

Maneno yangu hayo. Hakujua kwamba ni yangu. Na mimi niliyeyatunga mezani nikiwa na chai ya rangi na chapati, nilikaa pale kwenye kochi na nikausikia huo ukimya. Naapa niliusikia.

Sasa tuzungumze, waandishi wenzangu.

Waya ule kazi yake ni nini? Deki inatoa umeme mdogo unaopanda na kushuka kwa kufuata muziki, kiasi cha volti 2 pale muziki unapofikia kilele. Waya unaupeleka hadi kwenye amplifaya. Basi. Amplifaya nyingi mlangoni pake zina ukinzani wa maelfu ya omu, 47,000 ni tarakimu ya kawaida, na mita moja ya shaba haifikishi hata omu moja. Kinachopotea njiani hakina hata jina. Watakwambia fedha inapitisha umeme vizuri kuliko shaba, na ni kweli, kwa asilimia sita hivi, yaani asilimia sita ya kitu ambacho tayari hakina jina. Dhahabu ya kwenye pini ndiyo kichekesho: dhahabu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba. Inapakwa kwa sababu haishiki kutu, na hiyo ni sababu nzuri, hasa kwetu huku pwani ambako hewa ya chumvi inakula mpaka bawaba. Lakini kutoshika kutu si kuimba.

Wajanja watakuja na neno kapasitansi. Haya, twende nalo. Waya wa kawaida una kapasitansi ya takribani pikofaradi 100 kwa mita. Uuunge kwenye deki ambayo mlango wake wa kutokea una omu 1,000, ambayo ni deki ya hali ya chini, upige hesabu ya kidato cha sita: waya unaanza kukata sauti kali kwenye hezi milioni moja na laki sita hivi. Sikio la kijana mwenye afya linaishia hezi 20,000. La mwenye umri wangu, aliyekaa mbele ya spika za madisko, linaishia mapema zaidi. Yaani waya wa bure unafika mara themanini kupita pale sikio linapokomea, halafu mtu anauziwa laki nne na nusu ili ufike mbali zaidi. Afike wapi? Kwa popo?

Nisiseme uongo kwa upande wa pili. Zipo sehemu ambapo waya una neno. Ukiwa na santuri na sindano ya sumaku, hiyo kapasitansi ya waya inaingia kwenye hesabu ya sindano yenyewe, na ukizidisha, sauti za juu zinabadilika kweli; ndiyo maana watengeneza sindano huandika kiwango wanachotaka. Wavu wa shaba unaofunika waya ukiwa umechakaa, utasikia mvumo wa hezi 50 kutoka kwenye umeme wa ukutani. Lehemu ikiachia kwenye pini, upande mmoja unakufa, unaipigapiga unafufuka, unakufa tena. Hayo ni magonjwa, na fundi yeyote wa redio anayatibu kwa pesa ya soda. Hata ile mishale inayochorwa kwenye waya kuonyesha "upande wa kupitia muziki" mara nyingine ina maana, pale wavu unapokuwa umeungwa mwisho mmoja tu. Lakini shaba yenyewe haijui mbele wala nyuma. Umeme wa muziki unakwenda na kurudi humo maelfu ya mara kwa sekunde.

Jumapili iliyofuata nilirudi Magomeni na waya wa shilingi elfu tano kutoka Kariakoo. Tukamficha mdogo wake nyuma ya kabati la TV akiwa na sarafu. Kila raundi anairusha: kichwa, waya wa laki, upande wa pili, waya wa elfu tano. Ikitokea ule ule, bado anauchomoa na kuuchomeka, tusije tukajua kwa mlio. Anaandika kwenye daftari, hasemi neno. Kitufe cha sauti tulikibandika gundi ya karatasi kisisogee hata unywele, na hili msilidharau: sauti ikizidi kidogo tu, chini ya desibeli moja, sikio halisemi "imezidi", sikio linasema "imependeza". Wauzaji wanalijua hilo kuliko maprofesa.

Raundi kumi na sita. Kwa kubahatisha tu mtu anatarajiwa kupata nane hivi. Ningeamini anasikia kitu kama angepata angalau kumi na mbili, kwa kuwa kupata kumi na mbili au zaidi kwa bahati tupu hutokea chini ya mara 4 katika 100. Mshikaji alipata saba. Mimi tisa. Nusu saa kabla ya hapo, nyaya zikiwa mbele ya macho yake, alikuwa hakosi hata mara moja, na aliapa kwamba tofauti ni ya mbingu na ardhi.

Raundi ya kumi na moja aliniambia, "Huu ndio wenyewe, skia anavyovuta pumzi kabla hajaimba." Ulikuwa wa elfu tano. Na pumzi ilikuwapo kweli! Ilikuwa kwenye rekodi siku zote. Tulikuwa tunasikiliza bendi ya dansi iliyorekodiwa studio za Redio Tanzania miaka ya 1980, na yule mwimbaji alivuta pumzi mbele ya maikrofoni, pumzi ikapita kwenye waya wa studio uliotambazwa sakafuni, ikalala kwenye mkanda miaka, ikanakiliwa tena na tena mpaka ikafika Magomeni. Nyaya zote hizo hakuna aliyezivisha soksi. Mita moja ya mwisho ndiyo itaokoa nini?

Najua majibu yao, nimeyasoma yote nilipokuwa natafuta vivumishi. Kwamba chumba chetu ni kidogo. Kwamba spika zetu ni za mtumba. Kwamba waya unahitaji saa mia mbili "uchangamke". Kinachochangamka ni sikio, ndugu yangu, linazoea. Kwamba jaribio la kufumba macho linamtia mtu wasiwasi. Mbona akiwa anaona bei hana wasiwasi? Mwaka 2007 Mmarekani James Randi, mwanamazingaombwe aliyezeeka akiwaumbua wanamazingaombwe wenzake, alitoa dola milioni moja kwa atakayetofautisha bila kuona waya wa spika uliokuwa ukiuzwa dola 7,250 na waya mwingine mzuri wa kawaida. Jaribio halikufanyika, kila upande ukautupia mwenzake lawama. Randi amefariki mwaka 2020 na ile milioni hakuna aliyeichukua. Namna ya kupima bila kuona si siri ya jando: jarida la wahandisi wa sauti wa Marekani lilieleza kifaa cha kazi hiyo tangu mwaka 1982.

Wala simcheki mshikaji wangu. Mwaka 1976 watafiti wawili, McGurk na MacDonald, waliwaonyesha watu picha ya mdomo unaosema "ga" huku sauti ikisema "ba". Wengi walisikia "da", silabi ambayo hakuna aliyeitamka. Jicho liliingia sikioni likabadilisha herufi. Kama jicho linaweza hivyo, bei je? Na kipeperushi je, tena kilichoandikwa Kiswahili kizuri?

Hapo ndipo ninapotaka tugombane. Tunakutana hapa kila toleo tunalalamika kwamba uandishi haulipi, na ni kweli haulipi. Kwa hiyo jioni tunaandika hadithi, mchana tunaandika matangazo ya sabuni, losheni, viwanja, dawa za nguvu, nyaya. Tunajiambia mkono wa mchana si mkono wa jioni. Mtaani wana neno moja kwa mambo yote mawili: usanii. Ukichora wewe msanii, ukitapeli wewe msanii, na sisi huwa tunanuna tukisikia hivyo. Tununie nini? "Ukimya mweusi" nilikuwa nimeutunga kwa ajili ya hadithi yangu ya mlinzi wa usiku. Ulikuwa msemo wa kweli, nilikesha nao. Nikauchomoa kule nikauchomeka kwenye waya, na hadithi ile mpaka leo nimeshindwa kuimaliza, kwani kila nikifika kwenye usiku wa yule mlinzi naona soksi ya nyuzi.

Msiniambie "kila mtu na mfuko wake". Mwenye villa na spika za milioni hamsini akinunua waya wa milioni tano simlilii, anunue, ni pambo kama saa ya mkononi. Mimi namsema fundi cherehani. Huyo hakuuziwa shaba na lile duka. Shaba angeipata kwa elfu tano. Aliuziwa sentensi, na sentensi niliandika mimi.

Mdogo wake alipotusomea daftari, mshikaji alikaa kimya kitambo. Kisha akauliza kile kipeperushi kaandika nani, maana alikuwa bado anacho, kakihifadhi kwenye droo pamoja na risiti. Nikamwambia. Hakutukana. Aliuchomoa waya, akaukunja taratibu kama anavyokunja kitambaa cha mteja, akaweka ule wa elfu tano, na wimbo ukaendelea.

Laki moja na ishirini nilimlipa kwa awamu tatu. Iliyobaki analidai duka, na duka linasema waya uliokwisha funguliwa haurudishwi.