Hesabu ya Petroli Kabla ya Safari

Mkulima apelekaye mazao yake sokoni kwa gari huijua vyema bei ya kabichi na bei ya magunia. Lakini akiulizwa safari yenyewe itakula petroli ya shilingi ngapi, mara nyingi hujibu kwa kukisia tu. Kwa sababu hiyo huuza shehena nzima, kisha hurudi nyumbani na fedha kidogo, asijue zilikopotelea. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari," na petroli nayo ni mali.

Na ichukuliwe kwa mfano habari ya mwenye pikapu akaaye Nyeri. Majirani zake watatu wamemwomba awapelekee kabichi Nairobi, nao wamekubali kulipa petroli. Kutoka Nyeri mpaka Nairobi ni kilomita 150 hivi. Mwenye gari amezoea kwenda kilomita 10 kwa lita moja, kwa hiyo anahesabu lita 15. Bei ikiwa shilingi 180 kwa lita, jumla yake ni shilingi 2,700. Kila jirani anatoa shilingi 900, na safari inaanza kwa furaha. Jioni, mwenye gari anaona kwamba petroli imemgharimu zaidi ya mara mbili ya fedha alizopewa. Akidai nyongeza, ataonekana mlaghai. Akinyamaza, amewachukulia wenziwe mzigo kwa hasara yake mwenyewe. Ujirani huharibika kwa njia kama hii, wala hapana mwizi kati yao.

Makosa yake ni mawili. La kwanza, amehesabu kwenda, akasahau kurudi. La pili, kipimo chake ni cha gari tupu. Gari lililojaa mzigo hula petroli zaidi ya gari jepesi, hasa penye vilima. Na barabara hiyo hushuka hata Sagana, kisha hupanda tena kuelekea Thika na Nairobi, gari likiwa bado limejaa.

Kipimo cha kweli hakipatikani kwa kumwuliza rafiki mwenye gari la namna ile ile, wala kwa kuutazama mshale wa petroli, ambao huonyesha kwa kukadiria tu. Njia iliyo bora ni hii. Mwenye gari ajaze tangi kabisa, kisha aandike katika daftari namba za kilomita zilizo mbele ya dereva. Aendeshe gari kwa kazi zake za kawaida. Tangi likipungua, alijaze tena kabisa, na aandike lita alizotiliwa pamoja na namba mpya za kilomita. Kwa mfano, ikiwa namba za kwanza zilikuwa 82,400 na za pili ni 82,720, gari limekwenda kilomita 320. Ikiwa ametiliwa lita 40, basi kila lita imemchukua kilomita 8. Afanye hivyo gari likiwa na mzigo, na mara nyingine likiwa tupu, apate vipimo viwili.

Sasa hesabu ya safari ya Nyeri ni rahisi. Kwenda na mzigo, kilomita 150 kwa 8 ni lita 18.75. Kurudi bila mzigo, kilomita 150 kwa 10 ni lita 15. Jumla ni lita 33.75, ambazo kwa bei ya shilingi 180 ni shilingi 6,075. Yafaa kuongeza sehemu moja ya kumi, maana gari likisimama katika msongamano wa Nairobi injini huendelea kula petroli, na kilomita haziongezeki. Basi kila jirani atoe shilingi 2,230, na baki irudishwe mbele ya wote.

Bei pia haifai kukisiwa. Tangu Desemba 2010 nchini Kenya huwekwa bei ya juu kabisa ambayo muuzaji wa petroli haruhusiwi kuipita. Siku hizi Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, yaani EPRA, huitangaza tarehe 14 ya kila mwezi, nayo hutumika tangu tarehe 15 hata tarehe 14 ya mwezi ufuatao. Bei hiyo si moja kwa miji yote. Mafuta hushushwa bandarini Mombasa, na gharama ya kuyafikisha bara huongezwa juu yake. Kwa hiyo afanyaye mapatano tarehe 10 kwa safari ya tarehe 20 angoje tangazo kwanza, au waelewane mapema kwamba bei ikibadilika malipo nayo yatabadilika.

Ikumbukwe pia kwamba hesabu hii ni ya petroli peke yake. Matairi, oili na ujira wa dereva vina hesabu yao, na mwenye gari asiyeviweka kando ataviona siku ya kutengeneza gari. Upepo wa matairi nao utazamwe kabla ya kuondoka, kwa kuwa tairi lililolegea huzidisha ulaji wa petroli.

Daftari na penseli havigharimu hata nusu lita. Jioni ya kuamkia safari, majirani wote na waketi pamoja, waione hesabu na kuikubali, ndipo kabichi zipakiwe.