MASHAURI YA NYUMBANI: MWANACHUO ANAYEFUNDISHA WATOTO



Katika miji ya Tanzania imekuwa desturi mwanachuo wa chuo kikuu kubisha hodi nyumbani mwa watu, akasema, "Shikamoo, mama. Nafundisha Hisabati na Kiingereza. Nawatayarisha watoto kwa mtihani wa kidato cha nne." Kazi hiyo huitwa tuisheni. Je, yatupasa tumjibu nini?

Kwanza, tusimdharau. Mtihani ule aliufanya si zamani, naye akumbuka mahali alipokwama. Tena haja ipo. Katika shule nyingi za msingi za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Wengi hawashindwi na hesabu yenyewe, bali na maneno ya swali. Mwalimu mwenye darasa kubwa hawezi kumsikiliza kila mmoja. Mwanachuo aliyeketi mezani na mtoto mmoja aweza.

Lakini fedha ni ya nyumba nzima. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali hata kidato cha nne. Malipo ya tuisheni hutoka mfukoni mwa mzazi. Basi kabla ya kupatana, mwulizeni, "Mwanangu, utamfundishaje?" Akijibu, "Nitampa majibu ayakariri," mshukuruni, mwagane naye kwa amani. Akijibu, "Kwanza nitampa karatasi ya mtihani wa zamani aijibu peke yake, nione anapokosea," mkaribisheni ndani.

Kwa mfano, mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne wa mwaka 2019 ulikuwa na maswali 14: kumi ya alama 6 kila moja, na manne ya alama 10, yote kwa muda wa saa 3. Maana yake kila alama ilipata dakika mbili kasoro kidogo. Mtoto aliyekaa nusu saa juu ya swali moja la alama 6 alijinyima muda wa maswali mengine karibu mawili. Kwa hiyo mwalimu mwema huweka saa mezani, humwacha mtoto aandike, kisha humwuliza, "Kwa nini umefanya hivi?"

Jihadharini na mwenye kunong'ona kwamba anaweza kuwapatia mtihani kabla ya siku yake. Njia ya mwongo ni fupi. Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya mtahiniwa aliyefanya udanganyifu, na miaka minne ya mtoto hupotea kwa siku moja.

Nasi tuwe waaminifu kwake. Tupatane ujira kabla ya kazi, tumlipe siku tuliyoahidi. Naye ana nauli na chakula cha kununua. Tena ana mitihani yake mwenyewe. Majuma yale tumwache asome.

Nanyi walimu, msimwone kuwa mshindani wenu. Mwonyesheni daftari la mtoto, mmwambie udhaifu wake ulipo.

Baada ya miezi michache, tazameni. Mtoto akingoja mwalimu afike ndipo afungue kitabu, kazi bado haijafanyika. Akikifungua mwenyewe, akajaribu swali gumu kabla ya kuomba msaada, fedha yenu haikupotea. Na siku ya mtihani, atakapoketi peke yake, hatakuwa mgeni.