Jibini na Maji ya Karoti: Kipi Kimfaacho Mtoto?



Mwezi huu twaijibu barua ya mama mmoja katika wasomaji wetu. Mama huyu ana mtoto wa miaka miwili aliyeacha ziwa karibuni, naye mtoto amekonda. Mama humpa maji ya karoti asubuhi na jioni, kwani ameambiwa kuwa yana vitamini nyingi. Baba yake mtoto naye ameleta nyumbani jibini ngumu ya manjano, ile iitwayo Cheddar, akasema kuwa hicho ndicho chakula, na yale ya mama ni maji tu. Wataka kujua ni nani mwenye haki.

Twasema: kila mmoja ana haki kwa upande mmoja, wala hapana mwenye haki yote. Na kwa kuwa jambo hili lahusu afya ya mtoto, twapenda kulieleza kwa hesabu, tusiliache katika ubishi.

JIBINI NI NINI? Jibini ni maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji, yakatiwa chumvi na kuwekwa mpaka yakaiva. Cheddar asili yake ni kijiji cha jina hilo katika jimbo la Somerset, Uingereza. Ili kupata kilo 1 ya jibini hii hutumika takriban kilo 10 za maziwa. Basi usistaajabu ukiona kipande kidogo kina nguvu nyingi, kwani ni maziwa mengi yaliyokusanywa mahali padogo. Na sukari ya maziwa huondoka karibu yote, sehemu yake kwa yale maji yanayokamuliwa, na sehemu katika kule kuiva. Ndiyo maana mtu ambaye tumbo lake huchafuka akinywa maziwa, mara nyingi huweza kula jibini ngumu asidhurike.

MAJI YA KAROTI ni kinyume cha hayo. Karoti husagwa ikakamuliwa, makapi yakatupwa. Yanayobaki ni maji, sukari ya karoti yenyewe, madini, na ile rangi yake, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Lakini katika makapi yaliyotupwa zimo nyuzinyuzi zinazosaidia choo na kumshibisha mtu. Kwa hivyo karoti nzima iliyopikwa ikalainika ina jambo ambalo maji yake yamelikosa.

HESABU YAKE. Si haki kupima gramu 100 za jibini kwa gramu 100 za maji, kwa sababu hakuna alaye jibini kwa kadiri anywavyo maji. Tupime kama watu wanavyokula: kipande cha jibini cha gramu 30, na gilasi moja ya maji ya karoti.

Kipande kile cha jibini kina kalori 120 hivi, protini gramu 7, mafuta gramu 10, na madini ya kalsiamu (yajengayo mifupa na meno) kiasi cha miligramu 210. Vitamini C hakina kabisa.

Gilasi ya maji ya karoti ina kalori zipatazo 95, protini gramu 2 tu, mafuta karibu hamna, na kalsiamu isiyofika miligramu 60. Lakini ina vitamini C kiasi cha miligramu 20, na madini ya potasiamu karibu miligramu 700. Ama vitamini A, gilasi hiyo yaishinda jibini mbali sana.

Sasa tumtazame mtoto wetu. Mtoto wa umri wa mwaka 1 hadi 3 huhitaji kwa siku protini gramu 13 hivi, na kalsiamu miligramu 700. Kipande kimoja cha jibini humpa zaidi ya nusu ya ile protini, na karibu theluthi ya kalsiamu. Akitaka kupata protini hiyo yote kwa maji ya karoti, itambidi anywe gilasi sita au saba kwa siku! Tumbo la mtoto ni dogo. Likijazwa maji matamu kabla ya chakula, mtoto hukataa uji na wali, na mama hudhani kuwa hana hamu. Hapo ndipo hatari ilipo: mtoto huonekana ameshiba, kumbe mwili wake una njaa. Kwa hili baba ana haki.

Lakini naye baba asifurahi mno. Jibini ina chumvi. Kipande kile cha gramu 30 kina takriban nusu gramu ya chumvi, na mtoto wa umri huu haifai apite gramu 2 kwa siku katika vyakula vyake vyote. Mtu mzima naye ameshauriwa na Shirika la Afya Duniani asifikishe gramu 5. Basi mzee mwenye maradhi ya damu kupanda (presha) aitazame jibini kwa hadhari. Kadhalika mwenye maradhi ya figo asinywe maji ya karoti kwa wingi bila ya kumwuliza tabibu wake, kwa ajili ya ile potasiamu. Na mama mjamzito ajiepushe na jibini iliyofanywa kwa maziwa mabichi.

Tena kuna siri moja ambayo yawapatanisha hawa wawili. Ile rangi ya karoti haiingii mwilini vizuri isipokutana na mafuta. Maji ya karoti hayana mafuta, na jibini inayo. Kwa hivyo kila kimoja chamsaidia mwenziwe.

JE, JIBINI NI HALALI? Maziwa hugandishwa kwa kitu ambacho Waarabu hukiita infaha, nacho tangu zamani hutolewa katika tumbo la ndama anyonyaye. Ikiwa ndama huyo hakuchinjwa kisharia, maulamaa wamekhitilafiana: Imamu Abu Hanifa ameihesabu infaha hiyo kuwa ni tohara, na Imamu Shafi amesema ni najisi. Lakini siku hizi jibini nyingi hugandishwa kwa dawa itokayo katika mimea au vijidudu vya kuvu, na hiyo haina shaka hii. Basi baba asome karatasi ya jibini kabla ya kulipa.

JAWABU LETU kwa wazazi hawa ni hili:

1. Mtoto apimwe uzito kliniki kwanza, kwani kukonda huenda kukawa na sababu nyingine, kama minyoo au homa.

2. Apewe chakula kwanza, kisha maji ya karoti kidogo, nusu kikombe cha chai chatosha. Akipewa karoti iliyopikwa na kupondwa kwa mafuta kidogo, ni bora zaidi.

3. Jibini apewe kidogo, nayo ikunwe au ikatwe nyembamba sana, isije ikamkaba kooni.

4. Mtoto akigeuka manjano ya viganja kwa wingi wa karoti, na weupe wa macho yake ukabaki mweupe, si neno, apunguziwe, itaondoka. Lakini macho yakiwa manjano, apelekwe kwa tabibu siku ile ile.

5. Asiyeweza kununua jibini asihuzunike wala asikope. Gilasi ya maziwa au mtindi ina kalsiamu kiasi cha miligramu 300, kuliko kile kipande. Dagaa waliwao na mifupa yao, na maharage, na mchicha uliotiwa nazi, vyote hivi vyatosheleza nyumba nyingi kwa bei ndogo.

Basi mama asiache karoti zake, wala baba asirudishe jibini yake dukani. Waviweke vyote sahani moja, na mbele yake waweke chakula cha kumshibisha mtoto.

Wabillahi t-tawfiq.