Mazembe Haitajengwa kwa Fedha Peke Yake

Kila ligi inapofikia mapumziko, wapenzi wa kandanda hugeuka kuwa makocha. Kwenye vijiwe vya kahawa na katika vituo vya mabasi, majina ya wachezaji hutajwa moja baada ya jingine; huyu aachwe, yule anunuliwe, na fedha ambazo hazipo mfukoni mwa yeyote hutumiwa kwa ukarimu mkubwa. Jambo hili si la kuchekwa. Mpenzi wa timu ndiye anayebaki wakati makocha, wachezaji na viongozi wanapokuja na kuondoka, na kwa hiyo ana haki ya kuuliza timu yake inakwenda wapi.

Katika mji wa Lubumbashi swali hilo lina uzito kuliko kwingineko. Tout Puissant Mazembe, timu iliyotwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara 5, haijaleta nyumbani kombe lolote la bara hili tangu mwaka 2017. Katika msimu wa 2024/25 ilishika nafasi ya mwisho katika kundi lake la Ligi ya Mabingwa. Wapo wanaosema dawa ni moja tu, nayo ni kununua wachezaji wapya, wengi na kwa haraka. Sisi tunaiona dawa hiyo kuwa ndiyo sehemu ya ugonjwa wenyewe, na hapa tutaeleza kwa nini.

Kwanza tukumbuke timu hii ilivyoanza. Mwaka 1939 mapadri wa shirika la Mtakatifu Benedikto waliiunda kwa ajili ya vijana wa shule yao, wakati Lubumbashi ilipokuwa bado ikiitwa Elisabethville. Kwa maneno mengine, Mazembe ilizaliwa shuleni. Kutoka kwenye mwanzo huo mdogo iliinuka hata ikachukua ubingwa wa Afrika mwaka 1967, kisha ikaurudia mwaka 1968, ikawa klabu ya kwanza kuutwaa miaka miwili mfululizo. Ilifika fainali tena mwaka 1969 na mwaka 1970, ingawa safari hizo mbili ilishindwa. Fainali nne kwa miaka minne si bahati. Ni kazi ya watu waliofahamiana na kucheza pamoja kwa muda mrefu.

Enzi ya pili ya ushindi ilikuja chini ya uongozi wa Moïse Katumbi, aliyeshika urais wa klabu mwaka 1997. Mazembe ikawa bingwa wa Afrika mwaka 2009, ikarudia mwaka 2010, na mwisho wa mwaka huo wa 2010 ikaenda Abu Dhabi kushindania kombe la dunia la klabu. Huko iliwafunga Pachuca wa Meksiko na Internacional wa Brazili, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya mashindano hayo. Ilifungwa na Inter ya Italia mabao 3-0, lakini dunia ilikwisha kumwona Robert Kidiaba, mlinda mlango wake, akirukaruka kwa makalio kushangilia mabao ya wenzake.

Katika habari hiyo ya mwaka 2010 limo fundisho ambalo wengi wamelisahau. Nyota mkubwa wa timu, Trésor Mputu, hakuwepo Abu Dhabi. Alikuwa amefungiwa mwaka mzima na shirikisho la kandanda la dunia kwa sababu ya fujo dhidi ya mwamuzi katika mashindano ya klabu za Afrika Mashariki na Kati yaliyofanyika Kigali. Mashabiki walidhani bila Mputu timu imekwisha. Kumbe timu ilikuwa imara kuliko mtu mmoja, kwa sababu Kidiaba na wenzake walikuwa wamecheza pamoja miaka mingi, na kila mmoja alijua mwenzake atasimama wapi kabla hajainua kichwa.

Ni kweli kwamba Mazembe ya wakati ule ilinunua wachezaji wa nje, na sisi majirani twalijua jambo hilo vizuri, maana matofali mengi ya jengo lile yalitoka katika nchi zilizo karibu nayo. Mwaka 2011 ilikutana na Simba ya Dar es Salaam, ikaitoa katika mashindano, kisha ikamchukua kijana aliyekuwa akiichezea Simba, Mbwana Samatta. Mtanzania mwingine, Thomas Ulimwengu, naye akajiunga. Kutoka Zambia akaja Rainford Kalaba, na Stoppila Sunzu, yule aliyefunga penalti ya mwisho iliyoipa nchi yake Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2012. Wengine walitoka Ghana, Mali na Kodivaa.

Lakini tuangalie walikaa muda gani. Samatta alibaki Lubumbashi karibu miaka mitano. Kalaba alikaa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2015, Mazembe ilipowafunga USM Alger nyumbani na ugenini ikawa bingwa kwa mara ya tano, Samatta akifunga katika mechi zote mbili, watu hawa hawakuwa wageni tena. Fedha ya Katumbi iliwaleta, lakini ni muda uliowafanya kuwa timu. Hilo ndilo jambo ambalo mwenye kuhesabu bei tu halioni.

Hali ya leo ni tofauti, na kila mwenye macho anaiona. Mwaka 2016 Mazembe ilicheza na Yanga ya Dar es Salaam katika Kombe la Shirikisho. Ikashinda bao 1-0 ugenini na mabao 3-1 nyumbani, na mwishoni ikalitwaa kombe lenyewe. Mwaka 2023 timu hizo zilikutana tena katika mashindano yaleyale. Safari hiyo Yanga ilishinda mabao 3-1 Dar es Salaam na bao 1-0 hukohuko Lubumbashi, kisha ikaendelea hadi fainali. Na katika Ligi ya Mabingwa ya 2024/25, Mazembe ilipata sare ya 1-1 nyumbani mbele ya Yanga na kufungwa tena 3-1 ilipokwenda Dar es Salaam. Katika miaka saba tu mto umegeuka na kutiririka upande mwingine.

Umegeuzwa na nini? Sababu mojawapo ni fedha ya televisheni. Mwaka 2021 kampuni ya Azam Media ilitia saini mkataba wa kuonyesha ligi ya Tanzania kwa miaka 10 kwa shilingi bilioni 225.6 za nchi hiyo. Ligi yenye fedha ya kutegemewa huweza kulipa mishahara, na mchezaji, kama mfanyakazi mwingine yeyote, huenda kule anakolipwa. Ndiyo maana mwaka huohuo wa 2021 Fiston Mayele alitoka Vita ya Kinshasa akaenda Yanga. Mwaka 2023 akauzwa Pyramids ya Misri, na mwaka 2025 akawa bingwa wa Afrika pamoja na timu hiyo. Ndiyo maana pia Simba na Yanga zimewapata watu kama Saidi Ntibazonkiza wa Burundi na Khalid Aucho wa Uganda. Mwaka 2023 Jean Baleke alitoka Mazembe yenyewe kwenda Simba kwa mkopo. Yaani njia ileile aliyoipita Samatta kwenda Lubumbashi, Baleke aliipita akirudi nyuma.

Kwa upande wa Mazembe, mfuko ulikuwa wa mtu mmoja. Katumbi aliiuza kampuni yake ya kazi za migodini mwaka 2015, na mwaka 2016 akaondoka nchini kwa sababu za kisiasa ambazo si kazi yetu hapa kuzihukumu. Alirejea mwaka 2019. Hatusemi kwamba aliitupa timu, maana makombe ya 2016 na 2017 yalipatikana katika kipindi hichohicho. Twasema kwamba klabu inayotegemea mkono wa mtu mmoja hutikisika kila mtu huyo anapotikisika. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Basi ifanyweje? Sisi tunayo mapendekezo manne, nayo hayahitaji hazina ya serikali wala ya tajiri.

La kwanza ni kuhesabu kabla ya kununua. Msimu ukiisha, viongozi na kocha wakae na kuwagawa wachezaji katika mafungu matatu: wale ambao ni mhimili na hawaguswi, vijana wanaohitaji kuchezeshwa ili wakomae, na wale ambao safari yao imefika mwisho. Hawa wa mwisho waagwe kwa heshima na walipwe haki zao, maana kijana anayemwona mkubwa wake akifukuzwa kama mbwa hujifunza kuondoka mapema. Hesabu hiyo ndiyo itakayoonyesha pengo liko wapi. Timu nyingi hununua washambuliaji watatu kwa sababu mashabiki wanataka mabao, kumbe tatizo ni kiungo asiyeweza kuufikisha mpira mbele.

La pili ni kurudi shuleni. Tangu mwaka 2012 Lubumbashi inayo shule ya kandanda ya Katumbi. Jackson Muleka, kijana aliyekulia Mazembe, aliuzwa Standard Liège ya Ubelgiji mwaka 2020, na huo ni ushahidi kwamba shamba lina rutuba. Lakini shule bila nafasi uwanjani ni sawa na kuotesha miche na kuiacha ikauke kitaluni. Klabu ijiwekee kanuni: katika kila mechi ya ligi ya nyumbani, vijana watatu waliolelewa hapohapo waanze. Watafanya makosa, na baadhi ya mechi zitapotea. Hata hivyo, usiache mbachao kwa msala upitao. Mgeni aliyekuja kwa msimu mmoja ni msala wa kupita; kijana wa Kamalondo ndiye mbacha utakaolaliwa miaka mingi.

Shule hiyo pia ni mlango wa fedha. Kanuni za shirikisho la dunia zinataka asilimia 5 ya ada mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Tuchukue mfano: mchezaji akiuzwa huko Ulaya kwa dola 1,000,000, fungu la walezi ni dola 50,000, na klabu iliyomlea kwa misimu minne, tangu ule aliotimiza miaka 16 hadi ule aliotimiza miaka 19, hupata dola 20,000. Si utajiri mkubwa. Lakini hupatikana tena kila anapouzwa kwa namna hiyo, hata kama aliondoka Lubumbashi miaka mingi iliyopita. Sharti lake ni kumbukumbu za usajili zilizotunzwa vizuri tangu utotoni, na hiyo ni kazi ya karani mwaminifu, si ya tajiri.

La tatu ni mikataba. Kwa kanuni za leo, mchezaji aliyebakiwa na miezi 6 katika mkataba wake anaruhusiwa kukubaliana na klabu nyingine, naye ataondoka bila klabu yake kupata senti. Klabu isiyoangalia kalenda hupoteza mali yake ikiwa imelala. Mchezaji aliye mhimili aongezewe mkataba akiwa bado na miaka miwili; akikataa, auzwe mapema na fedha irudi shuleni. Jina la utani la Mazembe ni Kunguru, na Waswahili husema kunguru hafugiki. Kweli, hatuwezi kumfungia mchezaji tunduni. Lakini tunaweza kuhakikisha kwamba anaporuka anatuachia manyoya.

La nne ni wageni wachache, wa mahali maalum, na wa kukaa. Hatuwakatai wageni, tungewezaje, wakati Samatta na Kalaba wangali mioyoni mwa watu? Ila wanunuliwe wale tu wa kuziba pengo ambalo shule haina wa kuliziba, na wapewe muda wa kuota mizizi. Kocha naye apewe muda. Kombe la mwaka 2017 lilipatikana chini ya Pamphile Mihayo, mtu aliyekuwa mchezaji wa Mazembe katika ushindi wa 2009 na 2010. Ni dalili kwamba hekima ya kuiongoza timu hii haiko mbali; imo ndani ya nyumba.

Wapo watakaotuambia kwamba mashabiki hawatangoja. Huenda wakazomea mwaka wa kwanza, na huenda wakazomea hata wa pili. Sisi tunawauliza: tangu mwaka 2017 hadi leo wamekuwa wakifanya nini kama si kungoja? Tofauti ni kungoja kitu kinachokua au kungoja bahati. Na jambo hili haliwahusu watu wa Lubumbashi peke yao. Klabu nyingi za eneo hili la Maziwa Makuu haziwezi kushindana kwa mfuko na Dar es Salaam, wala Dar es Salaam haiwezi kushindana na Cairo na Casablanca. Kila mmoja ana mkubwa wake sokoni. Mahali ambapo mdogo anaweza kumzidi mkubwa ni katika kulea, kutunza na kuvumilia.

Mazembe ilizaliwa shuleni mwaka 1939, ikakomaa kwa watu waliokaa pamoja, na ikaanguka ilipobaki ikisubiri mfuko ujae tena. Viongozi wake waitumie mapumziko ya ligi kufungua daftari la vijana kabla ya kufungua mkoba wa fedha. Wakifanya hivyo kwa dhati, makombe yatachelewa kidogo, lakini yakija yatakuwa na mwenyewe.